Wahandisi Ujenzi wa Boston na Udongo wa Mji Wao: Historia ya Chama, 1848–2023

Chama kikongwe kuliko vyote vya wahandisi nchini Marekani kilizaliwa Boston, jimbo la Massachusetts, mwaka 1848. Chama cha taifa cha wahandisi ujenzi, ASCE, kilifuata miaka minne baadaye mjini New York. Tangu mwaka 1974 mkubwa amekuwa tawi la mdogo wake. Boston Society of Civil Engineers ilijiunga na ASCE bila kuacha jina lake wala kumbukumbu zake, na mwaka 2023 ilitimiza miaka 175.

Katika muda wote huo viongozi wamebadilika, katiba imebadilika, hata uhandisi wenyewe umegawanyika katika fani ambazo waasisi hawakuzijua. Kazi ya msingi ya Chama imebaki ileile. Mhandisi huleta alichojenga au alichopima, hukisoma mbele ya wenzake, huulizwa maswali, kisha maandishi yake huchapwa ili mwingine aliye mbali ayatumie. Baadhi ya maandishi hayo yalihusu matope yaliyo chini ya mitaa ya Boston tu, na leo yanafundishwa Nairobi na Dar es Salaam.

Kabla ya 1848: kazi nyingi, wajuzi wachache

Boston ya miaka ya 1840 ilikuwa na kiu. Visima vya mjini vilikuwa vimechafuka, na maji yaliyoletwa kutoka Jamaica Pond kwa mabomba ya magogo ya msonobari yaliyotobolewa katikati hayakutosha tena. Reli nazo zilikuwa zimeingia kwa kishindo: mwaka 1835 pekee zilifunguliwa njia tatu, za Lowell, Worcester na Providence. Viwanda vya nguo vya kando ya mito vilihitaji mabanio, mifereji na magurudumu ya maji.

Walioijua kazi hiyo walikuwa wamejifunzia kazini. Chuo cha kijeshi cha West Point kilikuwepo tangu 1802 na shule ya Rensselaer ya mjini Troy tangu 1824, lakini MIT ilipata hati yake mwaka 1861 tu. Kijana wa New England aliyetaka kuwa mhandisi alianza kwa kushika mnyororo wa mpima ardhi, akakesha akinakili michoro, hadi siku alipokabidhiwa kipande cha njia akisimamie mwenyewe. Familia ya Baldwin ya Woburn ilikuwa kama shule kwa vijana wa namna hiyo. Baba, Loammi Baldwin, alisimamia mfereji wa Middlesex wenye urefu wa kilomita 43, uliofunguliwa 1803 na kuunganisha mto Merrimack na Boston. Mwanawe mwenye jina hilohilo alijenga gati kavu la jeshi la majini pale Charlestown, lililoanza kazi 1833. Mdogo wake, James Fowle Baldwin, aliongoza ujenzi wa reli ya Boston na Lowell.

Elimu ya aina hiyo ilikuwa nzuri ila ilikaa ndani ya kichwa na daftari la mtu mmoja. Mwenye daftari akihamia Ohio, vipimo vya mto, gharama ya mawe na sababu ya ukuta kubomoka vilihama naye. Aliyepewa kazi baada yake alianza upya, na mara nyingine alirudia kosa lilelile kwa fedha ya watu walewale. Hilo ndilo pengo lililowakutanisha wahandisi wa Boston.

1848–1851: Chama chazaliwa

James Fowle Baldwin ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 66, na mwaka huohuo alikuwa mmoja wa makamishna watatu waliosimamia mradi mkubwa kuliko yote mjini: kuleta maji kutoka ziwa Cochituate, magharibi ya Boston, kwa mfereji wa matofali uliozikwa ardhini. Kazi ilianza Agosti 1846. Tarehe 25 Oktoba 1848 umati ulijaa katika bustani ya Boston Common, koki ikafunguliwa, na maji yakaruka hewani kutoka bwawa la Frog Pond hadi urefu wa ghorofa kadhaa. Mmoja wa wahandisi wa mradi ule, Ellis Sylvester Chesbrough, baadaye alihamia Chicago na kujenga mfumo wa maji taka wa mji huo pamoja na handaki la kuvuta maji safi chini ya ziwa Michigan.

Miongoni mwa waasisi alikuwemo pia James Laurie, Mskoti aliyevuka bahari akiwa kijana na kufanya kazi katika reli za New England. Jina lake linastahili kukumbukwa kwa sababu ya pili. Tarehe 5 Novemba 1852 wahandisi 12 walipokutana katika ofisi za mfereji wa maji wa Croton, New York, kuanzisha chama cha taifa, Laurie ndiye aliyechaguliwa rais. Uzoefu wa Boston uliingia New York kupitia mtu huyo mmoja.

Mwaka 1851 bunge la Massachusetts lilikipa Chama hati ya kisheria. Kuanzia hapo kiliweza kumiliki mali, kutunza fedha na kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake.

Kimya, na 1874

Kumbukizi nyingi hupita harakaharaka kwenye miaka ambayo taasisi ilizimika. Hapa haifai kupita hivyo, kwa kuwa Chama kilizimika kweli. Katika miaka ya 1860 vikao vilikoma. Chama cha taifa nacho kilikuwa kimelala tangu 1855 na hakikuamka hadi 1867, Laurie akiwa bado rais wake kwa jina. Wanachama walikuwa watu wa kuhamahama, wakifuata reli na migodi, na hakukuwa na ofisi ya kudumu wala mtu anayelipwa kuendesha shughuli. Wakishaondoka wachache waliokuwa wakihudhuria, kilichobaki kilikuwa hati tu.

Mwaka 1874 Chama kilifufuliwa. Kati ya marais wa kipindi hicho kipya alikuwa Thomas Doane, mtu aliyejua gharama ya kazi isiyokuwa na kielelezo. Kuanzia 1863 alikuwa mhandisi mkuu wa handaki la Hoosac, magharibi ya Massachusetts, lililochimbwa kwa zaidi ya kilomita 7 ndani ya mlima. Ujenzi wake ulianza 1851, na treni ya kwanza ilipita 1875. Zaidi ya watu 130 walikufa humo. Doane aliingiza mashine za kutoboa mwamba kwa hewa iliyoshindiliwa na baruti ya nitrogliserini iliyolipuliwa kwa umeme, mambo ambayo hayakuwa yamezoeleka nchini Marekani. Handaki kama hilo lilizaa maarifa mengi ya uchimbaji, na maarifa hayo yalihitaji mahali pa kusomwa.

1874–1914: maji, mifereji na jarida

Waliokifufua Chama hawakutegemea vikao peke yake. Mwaka 1881 Boston iliungana na vyama vya Chicago, St. Louis na Cleveland kutoa jarida la pamoja. Taarifa iliyosomwa Boston Jumatano iliweza sasa kumfikia msomaji aliye kando ya Mississippi. Mwaka 1914 Chama kilianza kutoa jarida lake chenyewe. Kilikuwa pia na maktaba na vyumba vya kukutania katika jengo la Tremont Temple, katikati ya mji.

Hiki ndicho kipindi ambacho Boston ilijenga mifumo yake mikubwa. Mifereji mikuu ya maji taka ilijengwa kuanzia 1877 hadi 1884. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi nchini Marekani ilifunguliwa chini ya barabara ya Tremont tarehe 1 Septemba 1897. Bwawa la Wachusett, lililochimbwa kuanzia 1897, liliupa mji maji kwa kipimo ambacho Cochituate isingeweza kukifikia. Mhandisi mkuu wake alikuwa Frederic Stearns. Yeye na Desmond FitzGerald, aliyesimamia sehemu ya magharibi ya mitambo ya maji ya Boston, walikuwa wanachama mashuhuri wa Chama, na wote wawili walichaguliwa marais wa ASCE: FitzGerald mwaka 1899, Stearns mwaka 1906. Clemens Herschel, aliyebuni mita ya Venturi ya kupima mtiririko wa maji katika bomba, alishika nafasi hiyo mwaka 1916. John Ripley Freeman aliishika 1922. Majina ya FitzGerald na Herschel yangali hai katika tuzo za Chama.

Freeman anahitaji maelezo zaidi. Alizaliwa Maine mwaka 1855 na kuhitimu MIT mwaka 1876. Mwaka 1903 alitoa ripoti kuhusu bwawa la mto Charles. Mto huo ulikuwa ukijaa na kupwa na bahari, na kila maji yalipopwa matope yenye uchafu wa mji yalianikwa juani katikati ya makazi. Ripoti ya Freeman ilipima yote: mikondo, harufu, kina cha matope, na kiwango cha maji yaliyomo ardhini kando ya mto. Bwawa lilikamilika 1910, na pale palipokuwa na tope pakawa na ziwa lisilopanda wala kushuka na bahari. Uzeeni alitoa fedha zake kwa ASCE, kwa chama cha wahandisi mitambo na kwa Chama cha Boston, ili wahandisi vijana wa Marekani wapelekwe Ulaya kujifunza katika maabara za maji za Ujerumani. Walianza kwenda mwaka 1927. Mfuko wa Freeman wa Boston bado upo, na mhadhara wenye jina lake bado unatolewa.

1919: tangi la Commercial Street

Tarehe 15 Januari 1919, katika kitongoji cha North End, tangi la chuma lenye kimo cha mita 15 na upana wa mita 27 lilipasuka. Ndani yake mlikuwa na lita milioni 8 na zaidi za molasi. Wimbi lake lilivunja nyumba, likapinda nguzo za reli ya juu na kuua watu 21.

Kesi ilichukua miaka. Ushahidi ulionyesha kwamba aliyesimamia ujenzi wa tangi alikuwa mtu wa fedha asiyejua kusoma michoro, na kwamba kabla ya kulijaza lilipimwa kwa maji ya kina cha sentimita 15 tu. Profesa Charles Spofford wa MIT alieleza mahakamani kuwa bamba za chuma zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo uliobebwa. Mwaka 1925 hukumu ilimlemea mwenye tangi. Baada ya msiba huo Boston ilianza kudai kwamba mahesabu ya mhandisi yawasilishwe na kutiwa saini kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa, na majimbo mengine yakaelekea huko. Kwa taaluma nzima, hoja ya nani ana haki ya kusaini mchoro ilitoka kwenye vikao vya wanachama ikaingia kwenye sheria.

1925–1942: kile kilicho chini ya mji

Naiona miaka hii kuwa kilele cha Chama, na ili kuieleza lazima kwanza kueleza ardhi yenyewe.

Boston ya wakoloni ilikuwa rasi ndogo iliyoshikwa na bara kwa shingo nyembamba. Sehemu kubwa ya mji wa leo ni bahari iliyojazwa. Mtaa wa Back Bay ulikuwa bwawa la maji ya chumvi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850, treni za mabehewa 35 zilileta changarawe kutoka Needham, umbali wa kilomita 14 hivi, usiku na mchana, hadi tabaka lenye unene wa mita 6 likafunika matope. Chini ya kifusi kuna matope ya kale, na chini ya matope kuna udongo laini wa mfinyanzi, wa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu, ambao wahandisi wa huko huuita mfinyanzi wa buluu wa Boston.

Nyumba haiwezi kukaa juu ya ardhi hiyo bila msaada. Wajenzi walipigilia magogo ya mbao kwa maelfu hadi kwenye tabaka gumu zaidi, wakayakata vichwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, kisha wakaweka misingi ya mawe juu yake. Kanisa la Trinity, lililowekwa wakfu 1877, limesimama juu ya magogo yapatayo 4,500. Gogo likizama daima halioni kuvu na linaweza kudumu karne nyingi. Likipata hewa, linaoza. Bomba la maji taka linalovuja kuelekea ndani, au handaki la reli, huvuta maji ya ardhini yakashuka, na vichwa vya magogo vikabaki vikavu. Mwaka 1929 ilithibitika kwamba magogo chini ya sehemu ya maktaba ya umma ya Boston, jengo lililofunguliwa 1895, yalikuwa yameoza.

Maswali ya namna hii hayajibiwi na mhandisi mmoja mwenye shimo moja. Kila kampuni iliyochimba msingi ilikuwa na kumbukumbu za matundu ya uchunguzi: kina fulani kifusi, kina fulani tope, kina fulani mfinyanzi, kisha mchanga au mwamba. Kumbukumbu hizo zilikuwa mali ya mteja na zilifungiwa kabatini. Chama kiliunda kamati ya udongo wa chini wa Boston, ikaziomba kumbukumbu hizo kutoka kwa wote waliokuwa nazo, ikaziweka kwenye ramani, na mwaka 1931 jarida la Chama likachapa ripoti yake. Kamati hazikuishia hapo. Makusanyo mengine ya matundu ya Boston na vitongoji vyake yaliendelea kuchapwa katika miongo iliyofuata, hadi miaka ya 1960. Mhandisi aliyepewa kiwanja leo bado anaweza kuanza kwa kurasa hizo kabla hajaleta mashine ya kuchimba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilihitaji ukarimu usio wa kawaida. Kampuni shindani zilitoa bure taarifa zilizozigharimu fedha, ili wapinzani wao wajenge salama. Chama ndicho kilichowezesha hilo, kwa vile hakikuwa cha mmoja wao.

Wakati kamati ikikusanya, elimu mpya ya udongo ilikuwa ikizaliwa ng'ambo ya mto. Karl Terzaghi, Mwaustria, alifika MIT mwaka 1925, mwaka uleule alipochapa kitabu chake cha mekanika ya udongo. Alikaa hadi 1929, akarudi Vienna, kisha akaja Harvard mwaka 1938. Msaidizi wake Arthur Casagrande alianza kufundisha Harvard mwaka 1932. Juni 1936 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mekanika ya udongo ulifanyika hapo Harvard, Terzaghi akiwa rais na Casagrande katibu.

Watu hawa walikuwa na majarida mengi ya kuchagua. Baadhi ya maandishi yao mazito waliyapeleka kwenye jarida la Chama cha mji. Januari 1936 Casagrande alichapa humo makala kuhusu tabia ya mchanga katika miteremko na tuta za udongo. Alionyesha kwamba mchanga ulioshikana hutanuka unapokatwa, mchanga uliolegea hujibana, na kati ya hali hizo mbili kuna kiwango cha nafasi baina ya punje ambapo ujazo haubadiliki. Hapo ndipo ulipoanzia mjadala wa mchanga unaogeuka uji wakati wa tetemeko la ardhi. Aprili mwaka huohuo Terzaghi alichapa makala ya kukosoa mahesabu ya shinikizo la udongo dhidi ya kuta, akieleza kwamba shinikizo hutegemea jinsi ukuta wenyewe unavyosogea.

Julai 1937 ikawa zamu ya Donald Taylor wa MIT. Kabla yake, aliyetaka kujua kama mteremko utasimama alichora duara baada ya duara, akahesabu uzito na ukinzani katika kila moja, akitafuta lile hatari zaidi. Ni kazi ya siku kadhaa. Taylor alifanya mahesabu hayo kwa miteremko mingi na kuyageuza kuwa chati: unaingiza kimo, pembe, uzito wa udongo na nguvu zake, unapata jibu kwa dakika chache. Chati za Taylor zimo katika vitabu vya mwaka wa tatu na wa nne wa uhandisi ujenzi karibu kila mahali, Afrika Mashariki ikiwemo.

Mwaka 1940 Chama kilikusanya makala za aina hiyo za tangu 1925 katika kitabu kimoja cha michango ya mekanika ya udongo, na baadaye kikatoa cha pili kilichofika 1953. Vitabu hivyo vilisafiri kuliko waandishi wake.

Casagrande aliacha pia kifaa ambacho fundi yeyote wa maabara ya udongo anakijua. Ni kikombe cha shaba kilichofungwa kwenye mkono wa kuzungusha. Unaukanda udongo na maji, unaupaka ndani ya kikombe, unauchora mfuo katikati kwa kifaa maalumu, kisha unazungusha mkono. Kikombe kinainuka na kuanguka milimita 10 juu ya kitako kigumu, tak, tak, tak, mara mbili kwa sekunde. Unahesabu. Kingo za mfuo zikikutana kwa urefu wa milimita 13 hivi, unaacha. Kiasi cha maji ambacho udongo hufunga mfuo kwa mapigo 25 ndicho mpaka wake wa kuwa kimiminika. Mkaguzi wa barabara ya changarawe huko Singida au Kitui anayesubiri matokeo ya maabara anaweza kuwa anasubiri namba iliyotoka katika kikombe hicho.

1946–1974: kutoka chama hadi tawi

Baada ya vita kuu ya pili, mji ulijenga barabara kuu, viwanja vya ndege na majengo marefu. Bwawa la Quabbin, lililoanza kujengwa miaka ya 1930 na kufuta vijiji vinne kwenye ramani, lilijaa mwaka 1946, nalo hadi leo ndilo ghala kuu la maji ya Boston. Mhandisi wake mkuu, Frank Winsor, hakuishi kuliona limejaa. Alifariki Januari 1939, na ukuta mkuu wa bwawa ukapewa jina lake.

Katika miaka hii Boston ilikuwa na vyama viwili vya fani moja: Chama cha 1848, na tawi la ASCE la Massachusetts. Mhandisi mmoja aliweza kuwa katika vyote viwili, akilipa ada mbili na kuhudhuria vikao viwili kuhusu mambo yaleyale. Mwaka 1974 viliungana. Chama kilileta mifuko yake, tuzo, jarida na jina. ASCE ikaleta mtandao wa taifa, ambao sasa una wanachama zaidi ya 150,000. Makubaliano hayo yalikuwa ya busara, na yaliokoa kile ambacho pengine kingepotea kwa ubishi wa nani mkubwa. Mwaka 1986 jarida lilianza upya kwa jina jipya, likilenga mhandisi aliye kazini, mwenye mradi mkononi.

Hatua kuu za Chama

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1848 | Chama chaanzishwa Boston, James F. Baldwin rais wa kwanza |
| 1851 | Chapata hati ya kisheria ya Massachusetts |
| 1852 | ASCE yaanzishwa New York. James Laurie wa Boston rais wa kwanza |
| Miaka ya 1860 | Vikao vyakoma |
| 1874 | Chama chafufuliwa |
| 1881 | Jarida la pamoja na vyama vya miji mingine |
| 1914 | Jarida la Chama chenyewe |
| 1927 | Vijana wa ufadhili wa Freeman waanza kwenda Ulaya |
| 1931 | Ripoti ya kamati ya udongo wa chini wa Boston |
| 1936–1937 | Makala za Casagrande, Terzaghi na Taylor |
| 1940 | Kitabu cha kwanza cha michango ya mekanika ya udongo |
| 1974 | Muungano na tawi la ASCE la Massachusetts |
| 1986 | Jarida laanza upya kwa jina jipya |
| 2023 | Miaka 175 |

1974–2023: huduma za tawi

Tawi huendeshwa na wanachama wanaojitolea: rais wa mwaka mmoja, makamu wake, katibu, mweka hazina, na viongozi wa vikundi vya fani. Kuna kikundi cha udongo na misingi, cha miundo, cha usafirishaji, cha maji na mazingira, cha ujenzi, cha kazi za pwani na bandari. Kila kikundi hupanga mihadhara yake, kwa kawaida jioni baada ya saa za kazi, na ziara za miradi. Kipo pia kikundi cha wanachama vijana, ambako mhitimu mpya hujifunza kusimama mbele ya watu kabla hajasimama mbele ya halmashauri ya mji. Wanafunzi wa vyuo vya Massachusetts, MIT, Tufts na Northeastern vikiwemo, wana matawi yao madogo chini ya tawi hili. Wanafunzi wa sekondari hushindana kujenga madaraja ya mfano kwa vijiti, ambayo hulemewa mizigo hadi yavunjike, na kuvunjika kwenyewe ndiko somo.

Miradi ya kuzungumzia haikupungua. Kuanzia 1991 hadi 2007 Boston iliizika barabara kuu iliyopita juu ya mji, kazi iliyojulikana kama Big Dig. Handaki la Ted Williams chini ya bandari lilifunguliwa Desemba 1995. Karibu na kituo cha South Station, masanduku ya zege ya handaki yalisukumwa chini ya reli huku treni zikiendelea kupita juu, baada ya ardhi kugandishwa kuwa barafu ili isimong'onyoke. Tarehe 10 Julai 2006 vigae vizito vya zege vya dari ya handaki moja vilianguka juu ya gari na kumuua abiria. Uchunguzi wa serikali kuu ulibaini kwamba gundi ya epoksi iliyoshika nanga za dari ilikuwa ikilegea polepole chini ya mzigo wa kudumu. Gundi hiyo ilikuwa imefanyiwa majaribio ya muda mfupi. Jambo hili limebadilisha namna nanga za gundi zinavyochaguliwa na kukaguliwa kwa mizigo inayoning'inia.

Upande wa maji, kesi za uchafuzi wa bandari za miaka ya 1980 zilizaa mtambo wa kusafisha maji taka wa kisiwa cha Deer na handaki la kilomita 15 linalopeleka maji yaliyosafishwa mbali baharini, lililoanza kazi Septemba 2000. Upande wa magogo, mji uliunda mwaka 1986 mfuko maalumu wa maji ya ardhini, unaopima kina cha maji katika visima vya uchunguzi mitaani. Ni kazi ileile iliyoanzia kwenye kumbukumbu za 1931, safari hii ikiendeshwa kwa vipimo vya mara kwa mara.

Tarehe 4 Januari 2018 dhoruba ilipandisha bahari ya Boston hadi kiwango cha juu kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa kwenye kipimo cha bandari, kikivuka rekodi ya tufani ya theluji ya Februari 1978. Maji yaliingia katika kituo cha reli cha Aquarium na kujaa mitaa ya Seaport, yote ikiwa ardhi iliyojazwa. Bwawa jipya la mto Charles, lililokamilika 1978 pamoja na pampu zake kuchukua nafasi ya lile la 1910, linaukinga mji kwa upande mmoja. Pande nyingine bado ziko wazi, na wahandisi wa udongo, wa miundo na wa pwani wana kazi ya kukubaliana ni wapi ukuta utakaa, utasimama juu ya nini, na maji ya ardhini yatafanya nini nyuma yake.